Baada ya Kuanguka: Tathmini ya Bunduki ya Tikka T3x na Darubini Mbili za Kulengea

Bunduki niliyokuwa nimeiegemeza kwenye nguzo iliteleza polepole, kama mtu anayezidiwa na usingizi, ikaangukia ubavu wake wa kulia juu ya changarawe. Haikuwa na risasi ndani na bolti yake, yaani kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, ilikuwa wazi, kwa hiyo hapakuwa na hatari. Niliiokota, nikaipangusa vumbi, kisha nikachungulia kwenye darubini: vioo vilikuwa vizima, msalaba wa kulengea umenyooka, na vitufe vya kurekebishia vilizunguka vikitoa mlio wao uleule. Alama pekee ya ajali ilikuwa mkwaruzo mdogo kwenye kifuniko cha kitufe cha kulia. Nikaamini kwamba hakuna kilichoharibika. Risasi tano zilizofuata, kwa umbali wa mita 100, zilikusanyika vizuri mahali pamoja, ila mahali penyewe palikuwa sentimita 9 kushoto mwa pale zilipokuwa zikipiga asubuhi ileile.

Tukio hilo ndilo lililonifanya niache kuitathmini bunduki hii kwa namna nilivyokuwa nimezoea, yaani kwa ukubwa wa kundi la matundu kwenye karatasi na uang'avu wa vioo, nikaanza kuuliza swali ambalo matangazo ya watengenezaji hulizunguka: je, baada ya kudondoka, bunduki na darubini yake hubaki zikitazama mahali pamoja? Hali hiyo ya kutazama mahali pamoja, ambapo alama ya darubini na njia ya risasi hukutana kwa umbali uliochaguliwa, nitaiita sifuri katika tathmini hii yote.

Bunduki yenyewe ni Tikka T3x Lite ya risasi za .308 Winchester, inayotengenezwa na kampuni ya Sako huko Riihimäki, Ufini. Familia ya T3 ilitoka mwaka 2003, na T3x ikafuata mwaka 2016 ikiwa na mabadiliko kadhaa ambayo kwa mtu anayejali kuanguka si madogo: kifuniko cha nyuma ya bolti, ambacho hapo awali kilikuwa cha plastiki, sasa ni cha chuma, na kipande kinachopokea msukumo wa nyuma kati ya mwili wa bunduki na kitako, ambacho kilikuwa cha aluminiamu, sasa ni cha feleji. Kitako ni cha plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Bunduki tupu ina uzito wa takriban kilo 3, na nikiongeza darubini, reli na pete za kuishikia, jumla hufika kama kilo 3.7.

Darubini nilizozilinganisha ni mbili. Ya kwanza, iliyokuwa juu ya bunduki siku ilipoanguka, ni ya ukuzaji unaobadilika, yenye bomba la milimita 30, yenye sifa nyingi na vioo vizuri kweli. Mtengenezaji wake sitamtaja, kwa kuwa nimejaribu moja tu kati ya maelfu anayouza. Ya pili ni SWFA SS 10x42, darubini ya ukuzaji usiobadilika wa mara 10, nayo ikiwa na bomba la milimita 30 na vitufe vinavyosogeza alama kwa hatua za mili 0.1 (mili ni kipimo cha pembe), yaani sentimita 1 kwa kila kliki katika mita 100. Kufanana kwa vipenyo vya mabomba kuliniwezesha kutumia reli ileile na pete zilezile kwa zote mbili, jambo ambalo lilikuja kuwa na maana kubwa kuliko nilivyodhani.

Kabla ya kueleza matokeo, inafaa msomaji apate picha ya nguvu zinazohusika, kwa sababu neno «kuanguka» hutumiwa kwa mambo yanayotofautiana sana. Bunduki ya kilo 3.7 ikidondoka kutoka kimo cha sentimita 90 hufika chini ikiwa na mwendo wa kama mita 4.2 kwa sekunde na nishati ya karibu jouli 33. Nishati hiyo haitishi. Kinachoumiza ni namna inavyosimamishwa. Kwa hesabu ya haraka, gawanya kimo cha anguko kwa umbali ambao kitu hutumia kusimama, na jibu litakuwa ni mara ngapi ya uzito wake wa kawaida kitu hicho kimebebeshwa kwa wastani. Ikisimamishwa na godoro linalobonyea sentimita 3, sentimita 90 hutoa mara 30 tu. Ikisimamishwa na jiwe, ambapo chuma na kitako hubonyea milimita 3 kwa pamoja, jibu ni mara 300. Anguko la kimo cha goti juu ya sakafu ya saruji linaweza kuwa baya kuliko anguko la kimo cha mtu mzima juu ya nyasi, na mtu anayesimulia kwamba darubini yake «ilianguka ikabaki salama» bila kusema ilianguka juu ya nini hajatuambia lolote la kupimika.

Sasa tuingie ndani ya darubini. Ndani ya bomba tunaloliona kuna bomba jingine dogo lililobeba lenzi za kugeuza taswira, na katika darubini za ukuzaji unaobadilika limebeba pia lenzi zinazoteleza mbele na nyuma kwenye mifereji iliyochongwa. Bomba hilo dogo limeegemea ncha za skrubu za vitufe viwili, cha juu na cha ubavuni, na upande wa pili linasukumwa na springi. Tunapozungusha kitufe, tunaisogeza ncha ya skrubu, na springi hulifuatisha bomba. Sifuri yote, pamoja na matumaini yote ya mpigaji, imeshikiliwa na springi hiyo. Tuseme bomba la ndani pamoja na lenzi zake lina uzito wa gramu 100: likibebeshwa mara 300, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde litakuwa zito kama mzigo wa kilo 30, na ikiwa pigo limetoka upande unaoikabili springi, bomba litaruka kutoka kwenye ncha za skrubu na kurudi. Likirudi palepale, mpigaji hatajua kamwe. Likirudi likiwa limekwama kidogo kando, tunapata zile sentimita 9.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba darubini inayostahimili teke la risasi kubwa hustahimili pia kuanguka. Teke la bunduki husukuma kwa kufuata urefu wa bomba, na watengenezaji wengi hulipima kwa bidii. Kampuni ya Leupold, kwa mfano, ina mashine inayoipiga darubini mara 5,000. Lakini bunduki inapoanguka, pigo hutoka ubavuni au juu, likiikatisha darubini badala ya kuifuata. Darubini inaweza kufaulu mtihani wa kwanza kwa miaka ikashindwa wa pili mara moja.

Jaribio langu lilikuwa la kawaida, na ninalieleza ili anayetaka aweze kulikosoa. Nililaza mkeka mnene wa mpira juu ya udongo ulioshindiliwa, na bunduki tupu, iliyokaguliwa mara mbili na bolti yake ikiwa imetolewa, niliiachia kwanza kutoka sentimita 45, kisha 90: kwa ubavu wa kulia, kwa ubavu wa kushoto, na mwishowe vitufe vikitazama chini, anguko ambalo hata mimi liliniuma kulitazama. Baada ya kila anguko nilipiga risasi tano kutoka toleo moja la kiwandani, nikiwa nimeegemea mifuko ya mchanga, na kupima kitovu cha kundi, si tundu moja moja.

Kuhusu kitovu hicho lazima niseme neno, kwa sababu ndipo tathmini nyingi hupotea. Bunduki hii, kwa mikono yangu, hutawanya risasi kwa kiasi cha sentimita 1 kwa kila mhimili katika mita 100. Kitovu cha risasi tano huyumba kwa takriban sentimita 0.45 kwa bahati tu, na tofauti kati ya vitovu viwili huyumba zaidi, kama sentimita 0.6. Kwa hiyo nilikata shauri tangu mwanzo kwamba mhamo wowote usiofika sentimita 1.5 nitauhesabu kuwa si kitu. Anayepiga risasi tatu kabla na tatu baada, akatangaza kwamba darubini imehama kliki moja, anasoma mawingu. Na anayepiga risasi moja, ikagusa karibu na katikati, akatangaza kwamba haijahama, anasoma mawingu hayohayo.

Darubini ya kwanza, baada ya kuirudisha kwenye sifuri, ilivumilia maanguko yote matatu ya sentimita 45 bila mhamo unaohesabika, na kwa muda nikaanza kudhani kwamba nimeidhulumu. Anguko la sentimita 90 kwa ubavu wa kulia nalo halikuifanya kitu. La kushoto liliipeleka kulia kwa sentimita 4. La vitufe chini liliishusha kwa sentimita 6 zaidi, lakini jambo lililonishangaza ni kwamba kundi la risasi tano lililofuata halikuwa kundi bali msafara: risasi ya kwanza ilikuwa chini kabisa, ya pili juu yake kidogo, na kila iliyofuata ilipanda, kana kwamba bomba la ndani lilikuwa likirudishwa mahali pake kwa teke la kila risasi. Hiyo ndiyo tabia mbaya kuliko zote, kwa maana darubini iliyohama na kutulia unaweza kuirekebisha, ilhali inayosafiri haina mahali pa kurekebishwa.

Kisha nikaifungua na kuiweka SWFA kwenye pete zilezile, kwa mkazo uleule wa skrubu, nikarudia kila kitu. Maanguko sita hayakuzalisha mhamo wowote uliovuka mpaka wangu wa sentimita 1.5. Nikarudia lile la vitufe chini mara ya pili, kwa ukaidi zaidi kuliko kwa sayansi, na kundi likaangukia palepale. Sidai kwamba darubini moja huthibitisha sifa ya nyingine zote zilizotengenezwa nayo, lakini matokeo haya yaliniambia jambo jingine ambalo nililihitaji zaidi: bunduki, reli na pete hazikuwa na hatia. Kama mtutu ungekuwa umepinda, au mwili wa bunduki umehama ndani ya kitako, au pete zimeteleza, SWFA nayo ingehama. Pasipo darubini ya pili unayoiamini, huwezi kamwe kujua nani wa kulaumiwa, na nadhani darubini nyingi nzuri zimerudishwa dukani kwa makosa ya skrubu.

Kwa sababu ukweli ni kwamba mara nyingi mkosaji ni pete. Pete zangu zimesimama sentimita 10 mbali moja na nyingine. Pete moja ikisogea milimita 0.1 tu, unene wa karatasi ya kuandikia, mstari wa kulenga hugeuka kwa mili 1, na risasi huenda sentimita 10 kando katika mita 100, sentimita 30 katika mita 300. Jicho haliwezi kuuona msogeo huo. Ndiyo maana kabla ya jaribio nilisafisha mafuta kwenye skrubu zote, nikazikaza kwa bisibisi yenye kipimo, zile za vifuniko vya pete kwa takriban niutoni-mita 2, na zile zinazobana reli kwa 7 hivi, kisha nikachora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye pete, na mwingine kutoka pete hadi bomba la darubini. Mstari ukikatika, kitu kimesogea. Haikuwahi kukatika. Ni kinga ya bei nafuu kuliko zote nilizowahi kutumia, na huonekana vibaya kidogo, jambo ambalo nimelizoea.

Bunduki yenyewe imenipendeza. Kitako cha sintetiki kilipata mikwaruzo tu. Kitako cha mbao cha zamani, hasa pale shingoni ambapo mkono hushika na ambapo nyuzi za mti hukatishwa na umbo, kingeweza kupasuka kwa pigo la ubavuni. Baada ya kila anguko nilipitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na sehemu ya mbele ya kitako kuhakikisha kwamba haijaugusa mtutu, na karatasi ilipita bila kukwama. Mdomo wa mtutu niliukagua kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu jeraha dogo hapo hufanya gesi itoke upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi inapoaga, nao ulikuwa safi. Mkono wa bolti, ambao pamoja na kitufe cha kulia cha darubini ndio hufika chini kwanza bunduki inapolalia ubavu huo, haukupinda. Magazini ya plastiki niliitilia shaka tangu nilipoinunua, lakini midomo yake bado inapakia bila kukwama.

Kuna upande mwingine wa kuanguka ambao si wa usahihi bali wa uhai, yaani kama bunduki yenye risasi inaweza kufyatuka ikidondoka. Huu sikuujaribu na sishauri yeyote aujaribu. Watengenezaji wa Marekani wana kanuni ya SAAMI, taasisi yao ya viwango vya silaha na risasi, ambayo huiangusha bunduki iliyofungwa usalama, ikiwa na ganda lenye fataki (kiwashio cha baruti) pekee, kutoka futi 4, sawa na mita 1.22, juu ya mkeka wa mpira wenye unene wa inchi 1, katika mielekeo sita, na hairuhusiwi kufyatuka. Ni kanuni nzuri, ila mielekeo sita si mielekeo yote: bastola ya Sig Sauer P320 ilikuwa imepita vipimo vya aina hiyo, na bado mwaka 2017 kampuni ililazimika kutoa marekebisho baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani iliweza kufyatuka. Tena kanuni hiyo haisemi neno lolote kuhusu sifuri. Katika T3x kifungio cha usalama hufunga kifyatulio na mkono wa bolti kwa pamoja, wakati katika Mauser 98, bunduki ya zamani ya Kijerumani, kifungio huishika pini ya kugongea fataki yenyewe, mpango ambao mimi bado naupendelea, kwani kinachozuiliwa ni kile hasa kinachogonga. Kulegeza kifyatulio mpaka kiwe chepesi mno kwa ajili ya shabaha ni kula akiba hiyo ya usalama, na bunduki inayoponyoka mkononi iachwe ianguke. Mkono unaoidaka hewani huweza kukutana na kifyatulio.

Baada ya anguko, utaratibu ninaoufuata sasa ni mfupi: mdomo wa mtutu kuelekea mahali salama, risasi zote zitoke, bolti itolewe, kisha nitazame mwanga ndani ya mtutu toka mwisho hadi mwisho, maana udongo au kijiwe kilichoingia mdomoni kinaweza kuupasua mtutu kwa risasi inayofuata. Baada ya hapo mistari ya rangi, karatasi chini ya mtutu, na mwishowe shabaha ya karatasi. Kuchungulia kwenye darubini na kuridhika, kama nilivyofanya siku ile ya nguzo, hakumo kwenye utaratibu huo.

Kwa haki ya darubini za aina nyingine niseme kidogo. Vilengeo vya nukta nyekundu vya Aimpoint, kampuni ya Uswidi, havina bomba zito la ndani wala lenzi za kukuza, na chenye vipande vichache na vyepesi huwa na vichache vya kuhama. Darubini ya Trijicon ACOG, yenye mwili wa aluminiamu ngumu ya aina ya 7075-T6 iliyofuliwa, imejijengea jina lake kwa njia hiyohiyo ya ukuzaji usiobadilika. Na wanajeshi wa Uingereza wa vita vya pili vya dunia, waliokuwa na bunduki ya wadunguzi ya No. 4 (T), walitatua tatizo kwa namna ya kizamani kabisa: darubini yao ya No. 32 ilivuliwa ikawekwa kwenye sanduku lake la chuma, na namba yake ikagongwa kwenye kitako cha bunduki iliyolinganishwa nayo ili zisiachane.

Darubini ya kwanza niliirudisha kwa mtengenezaji pamoja na karatasi zote za shabaha, nikiwa nimeandika kimo na mwelekeo wa kila anguko. Ilirejea baada ya majuma sita ikiwa na barua fupi isemayo kwamba imekaguliwa na iko ndani ya viwango vyao. Huenda ni kweli. Barua haikusema viwango hivyo vinahusu nini. Vioo vyake bado ni bora kuliko vya SWFA, ambayo taswira yake hufifia mapema jua linapozama, na ambayo ukuzaji wake wa mara 10 ni kero kwa mnyama aliye umbali wa mita 30, ambapo huona manyoya tu bila kujua ni ya bega au ya paja. Anayepiga karibu, vichakani, asiinunue. Mimi hupiga mbali na mahali palipo wazi, kwa hiyo ndiyo iliyobaki juu ya Tikka, na ile nyingine naitumia kuangalia matundu kwenye karatasi.